Kodi kwa Mkono Wako: Daftari, Simu au Programu ya Dola?

Uliza madukani Chumbageni, Tanga, ni programu gani nafuu ya kufanyia hesabu za kodi ya mapato, utatajiwa majina: QuickBooks, Tally, au ile ambayo mpwa wa mwenye duka ameipakua kwenye simu. Kila mtu atasifia yake. Lakini kabla ya bei kuna swali jingine: programu hiyo itakupunguzia kodi kiasi gani kwa mwaka? Jibu lake ndilo kikomo cha fedha unazopaswa kutoa. Ukilipa zaidi ya hapo, umejitoza kodi ya pili kwa hiari yako.

Kikomo hicho kinahesabika, maana viwango vya Mamlaka ya Mapato (TRA) viko wazi. Matokeo kwa ufupi ni haya. Kama mauzo yako hayafiki milioni 11 kwa mwaka, programu ya kununua hailipi. Kaunta buku au jedwali la bure kwenye simu linatosha. Kama mauzo yako ni kati ya milioni 11 na milioni 100, programu yoyote ile haitakupunguzia hata senti, mpaka uamue kuacha kutozwa kwa mauzo na kuanza kutozwa kwa faida. Ukifika kwenye uamuzi huo, fedha ya programu na ya mhasibu inaweza kurudi yote, na ziada juu yake.

Nani anahusika

Mwajiriwa asiye na kipato kingine hana cha kununua. Mshahara usiozidi shilingi 270,000 kwa mwezi hautozwi kodi, na kwa unaozidi hapo mwajiri hukata na kupeleka TRA mwenyewe. Wenzetu wa Kenya hawana nafasi hiyo. Huko kila mwenye PIN, yaani namba ya mlipakodi, hujaza ritani kwenye mfumo wa iTax kabla ya tarehe 30 Juni, hata kama mwajiri ameshamkata, hata kama mwaka mzima hakuingiza kitu. Ndiyo maana Juni ikifika saiba za Mombasa hujaa watu wa kujaziwa fomu. Anayechelewa hutozwa shilingi 2,000 za Kenya au asilimia 5 ya kodi, ile iliyo kubwa.

Kwetu mzigo uko kwa mwenye biashara binafsi: fundi cherehani, mwenye saluni, muuza nguo za mtumba, duka la rejareja, duka la vifaa vya ujenzi. Hawa ndio makala hii inawahusu. Wenye bajaji, daladala na malori wana jedwali lao, linalohesabu kodi kwa chombo. Mawakili, wahandisi na watoa huduma nyingine za kitaalamu sheria imewatoa kwenye utaratibu wa wafanyabiashara wadogo, hivyo lazima watengeneze hesabu za faida na hasara. Na kama umesajili kampuni kwa wakala wa usajili, BRELA, ritani yako lazima iandaliwe au ithibitishwe na mhasibu mwenye CPA, kwa hiyo mazungumzo yako ni ya ada ya mhasibu kabla hayajawa ya programu.

Kumbukumbu zina thamani gani kwa shilingi

Kwa mtu binafsi ambaye mauzo yake hayazidi milioni 100 kwa mwaka, kodi hukokotolewa kwenye mauzo ghafi, yaani fedha yote iliyoingia kwa kuuza kabla hujatoa pango, umeme, mshahara wala bei ya kununulia mzigo. Kwa viwango vilivyowekwa na Sheria ya Fedha ya 2022, mambo yako hivi:

- Mauzo hadi 4,000,000: hakuna kodi.
- Zaidi ya 4,000,000 hadi 7,000,000: bila kumbukumbu, shilingi 100,000. Ukiwa na kumbukumbu, asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4.
- Zaidi ya 7,000,000 hadi 11,000,000: bila kumbukumbu, shilingi 250,000. Ukiwa na kumbukumbu, shilingi 90,000 pamoja na asilimia 3 ya kinachozidi milioni 7.
- Zaidi ya 11,000,000 hadi 100,000,000: asilimia 3.5 ya mauzo yote.

Sasa tuweke watu ndani ya namba hizo. Fundi cherehani mwenye mauzo ya milioni 5 kwa mwaka, kama haandiki chochote, atalipa 100,000. Akiandika atalipa 30,000. Daftari limemwokolea 70,000. Jirani yake anayeuza vyombo vya plastiki kwa milioni 7.5 atalipa 250,000 bila kumbukumbu, na 105,000 akiwa nazo, ameokoa 145,000. Mwenye milioni 10 atalipa 180,000 badala ya 250,000, nafuu ya 70,000.

Nafuu kubwa kabisa inayowezekana kwenye madaraja haya iko juu kidogo tu ya milioni 7, nayo haizidi shilingi 160,000 kwa mwaka. Namba hiyo ikumbuke. Kila programu ya kulipia utakayoonyeshwa, ipime kwa shilingi 160,000.

Kuna faida nyingine isiyoonekana kwenye jedwali. Asiye na kumbukumbu akienda kukadiriwa, afisa atakadiria mauzo kwa anachokiona: duka liko wapi, lina bidhaa gani, pango ni kiasi gani. Siku hiyo huna cha kumwonyesha zaidi ya maneno. Mwenye jumla za kila mwezi anaweka karatasi mezani na mazungumzo yanakuwa ya namba. Mali bila daftari, wazee walisema, hupotea bila habari. Na kwenye kodi hupotea kwa daraja zima.

Kabla hatujaenda mbali, pima mauzo yako kwa siku, maana wengi hujidhania wadogo kuliko walivyo. Milioni 4 kwa mwaka ni karibu shilingi 11,000 kwa siku. Milioni 11 ni kama shilingi 30,000 kwa siku. Duka la mtaani linalouza unga, sukari, mafuta ya kula na vocha hupita 30,000 kabla ya adhuhuri. Na mstari huo wa milioni 11 una mtego wake: mwenye milioni 11 kamili na kumbukumbu zake analipa 210,000, wakati mwenye milioni 11.1 analipa 388,500. Asiyejumlisha kila mwezi hawezi hata kujua yuko upande gani.

Chaguo la kwanza: kaunta buku

Gharama yake ni elfu chache za steshenari na kalamu. Linatimiza sheria, maana sheria inataka kumbukumbu na haikulazimishi kompyuta. Chora safu sita: tarehe, mauzo ya taslimu, mauzo ya lipa namba, mzigo ulionunuliwa, matumizi mengine, na jumla ya mauzo ya siku. Funga kila siku jioni, na kila mwisho wa mwezi andika jumla kwenye ukurasa mmoja wa nyuma, ili Machi, mwezi wa makadirio ya kodi, ikifika uwe na mistari kumi na miwili ya kusoma badala ya kurasa mia mbili.

Udhaifu wake unajulikana: kukosea kujumlisha, kulowa, mchwa, na kijana wa duka kuchana karatasi ya kufungia vitumbua. Sheria inataka utunze kumbukumbu kwa miaka 5. Dawa ni rahisi: kila mwisho wa mwezi piga picha ukurasa wa jumla, jitumie kwenye barua pepe yako.

Chaguo la pili: jedwali la bure kwenye simu

Google Sheets haina malipo kwa mwenye akaunti ya Gmail, na inaweza kuwekwa ifanye kazi bila bando kisha ijipeleke mtandaoni ukiunga kifurushi. Simu ikiibiwa stendi, hesabu zako zinabaki. Mwenye kompyuta anaweza kutumia LibreOffice Calc, ambayo ni bure pia. Familia hii ya programu si ngeni kwetu. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, seti nzima ya programu za ofisi kwa Kiswahili.

Faida ya jedwali juu ya daftari ni kwamba linajumlisha lenyewe, na linaweza kukokotoa kodi ya mwaka. Weka jumla za miezi kumi na miwili kwenye seli B2 hadi B13. Kwenye B14 andika =SUM(B2:B13). Kwenye B15 andika hivi:

=IF(B14<=4000000,0,IF(B14<=7000000,(B14-4000000)*3%,IF(B14<=11000000,90000+(B14-7000000)*3%,B14*3.5%)))

Ijaribu kwa kuweka jumla ya milioni 10. Ikikupa 180,000, umeipatia. Simu ikigoma, badilisha koma zote ziwe nuktamkato, kwa sababu mipangilio ya simu hutofautiana. Mstari huo mmoja ndio programu ya kodi ambayo mfanyabiashara wa madaraja ya chini anaihitaji. Bunge likibadilisha viwango kwenye bajeti ya Juni, unafuta namba za zamani na kuweka mpya.

Angalizo moja kuhusu fedha za simu. Taarifa ya miamala ya lipa namba ni kumbukumbu nzuri usiyoilipia, ila isichanganywe na fedha za nyumbani. Hela ya ada aliyotuma kaka kutoka Dar, mchango wa harusi, rejesho la vikoba: hayo si mauzo. Wakala wa fedha za simu naye aelewe kwamba mauzo yake ni kamisheni, si floti inayopita mikononi mwake. Laini moja ya biashara na nyingine ya mambo yako zitakuondolea ubishi mwingi mezani kwa afisa.

Chaguo la tatu: programu za bure za uhasibu

Daftari na jedwali huandika kilichoingia na kilichotoka. Programu ya uhasibu huenda mbali zaidi: inafuata madeni ya wateja, stoo, na mwisho wa mwaka inatoa taarifa ya faida na hasara na mizania. Mbili za bure zinafaa kujulikana. Manager, toleo lake la kompyuta, ni bure bila kikomo cha muda na hufanya kazi bila intaneti. Anayelipa ni yule anayetaka toleo la mtandaoni. GnuCash ipo tangu 1998, nayo ni bure, ila imepangwa kwa mtu anayejua debiti na krediti.

Hapa gharama ni muda na kompyuta. Tenga wiki kadhaa za kujifunza, na fleshi ya kunakili faili kila Ijumaa, kwa sababu kompyuta ikiungua kwa umeme kurudi ghafla, hesabu zinaungua nayo. Wave, ambayo video nyingi za mtandaoni huisifu kuwa ya bure, iliacha kupokea wateja wapya wa nje ya Marekani na Kanada, kwa hiyo usipoteze bando kuitafuta.

Chaguo la nne: programu za kulipia

QuickBooks ya mtandaoni hulipiwa kila mwezi kwa dola. Tally, ya kampuni ya India iliyoanza 1986, imeenea sana kwenye maduka ya jumla ya Afrika Mashariki. Kwa kawaida hununuliwa leseni, kisha hulipiwa ada ya kuendelea kupata maboresho. Zote mbili ni programu nzuri. Swali ni lile lile: ni nzuri kwa nani?

Chukua mfano wa programu yoyote ya dola 20 kwa mwezi. Kwa hesabu nyepesi ya shilingi 2,500 kwa dola, ni shilingi 50,000 kwa mwezi, laki sita kwa mwaka, na huduma za kidijitali kutoka nje zinaweza kuongezewa VAT juu yake. Mwenye mauzo ya milioni 9 atakuwa ametoa laki sita ili kuokoa laki moja. Akija wakala wa hapa nchini kukuuzia leseni kwa dola, mkumbushe kwamba kanuni za Machi 2025 zinakataza kutangaza bei za ndani kwa fedha za kigeni. Aseme kwa shilingi, aandike, na atoe risiti.

Kuna pia mlango wa nyuma: fundi kompyuta anayekuwekea nakala ya kuibia kwa bei ya soda mbili tatu. Mbali na kuwa kinyume cha hakimiliki, nakala hizo haziboreshwi, hubeba virusi, na siku ikifungwa huna wa kumpigia. Intuit, wenye QuickBooks, waliacha mwaka 2024 kuuzia wateja wapya wa Marekani matoleo ya Pro na Premier ya kuweka kwenye kompyuta ili kuwasogeza mtandaoni. Nakala ya zamani uliyowekewa leo inazidi kuzeeka kila siku.

Jambo ambalo wauzaji hawalitaji ni hili: hakuna hata moja kati ya hizi itakayokupelekea makadirio yako TRA. Namba utazichukua kwenye programu na kuziandika mwenyewe kwenye mfumo wa mtandaoni wa TRA, kama anavyofanya mwenye kaunta buku. Mfumo huo ni bure, na TIN yenyewe, yaani namba ya mlipakodi, hutolewa bure. Ukishawasilisha, unapata kontrol namba na kulipa kwa simu au benki.

Chaguo la tano: mtu

Wengi wetu programu yetu ni binadamu. Kuna kijana wa steshenari anayejaza fomu kwa elfu chache. Kuna kishoka anayezunguka karibu na ofisi za serikali na kuahidi "kuongea na watu". Na kuna mshauri wa kodi aliyesajiliwa na TRA.

Wa kwanza hana ubaya kama unampa namba ulizozikokotoa mwenyewe. Wa pili mkwepe. Ahadi yake haina risiti. Wa tatu ni ghali kuliko wote, na kwa mwenye milioni 8 hahitajiki, lakini kwa mwenye milioni 60 anaweza kuwa ndiye nafuu kuliko wote, kama tutakavyoona.

Yeyote utakayemtumia, angalia kitu kimoja kwa macho yako: namba ya simu na barua pepe zilizoandikwa kwenye TIN yako ni za nani? Mara nyingi aliyekusajilia huweka zake ili kurahisisha kazi. Matokeo yake ujumbe wa uthibitisho unaenda kwake, notisi ya deni inaenda kwake, na siku akihamia Arusha huwezi kuingia kwenye akaunti yako mwenyewe. Kuhuisha taarifa hizo ofisini hakuna ada, na ni bora kufanya hivyo kabla ya msongamano wa Machi.

Mashine ya EFD ni gharama nyingine

Anayevuka mauzo ya milioni 11 anatakiwa kutoa risiti za kielektroniki. Mwaka 2013, awamu ya pili ya mashine ilipowafikia wasiosajiliwa VAT, wafanyabiashara wa miji kadhaa walifunga maduka kwa kulalamikia bei ya kati ya laki sita na laki nane. Leo pamoja na mashine kuna VFD, yaani programu inayotoa risiti hiyo hiyo kupitia simu au kompyuta, ikiwa na alama ya QR ya kuhakiki. Unapolinganisha, usitazame bei ya kununua peke yake. Uliza gharama ya mwaka: ada ya huduma, karatasi, bando, na matengenezo. Muulize pia muuzaji kama ameidhinishwa na TRA, na uthibitishe kwenye orodha yao wenyewe.

Ripoti ya Z inayotoka kila jioni ni mauzo yako ya siku, na TRA wanayo kabla hujafunga mlango. Kwa hiyo mashine inahesabu mauzo yako vizuri sana. Matumizi yako haiyahesabu. Hilo ni jukumu lako, na ndipo ilipo hoja ya sehemu inayofuata. Ila kwanza zipige picha risiti za manunuzi siku ile ile. Karatasi ile huchapwa kwa joto, na ikikaa kwenye droo ya duka la bati kwa joto la Tanga, maandishi yanafutika kabla mwaka haujaisha.

Juu ya milioni 11: pale programu inapolipa

Kwenye daraja la asilimia 3.5, kumbukumbu hazipunguzi kodi. Mwenye mauzo ya milioni 60 atalipa 2,100,000, awe ameandika kwa mkono, kwa Tally au hajaandika kabisa. Wengi hulipa hivyo miaka nenda miaka rudi bila kujua kwamba sheria inawaruhusu kujitoa kwenye utaratibu huo na kutozwa kwa faida, kwa viwango vya kawaida vya mtu binafsi.

Viwango hivyo kwa mwaka ni hivi: faida hadi 3,240,000 haitozwi, inayofuata hadi 6,240,000 ni asilimia 8, hadi 9,120,000 asilimia 20, hadi 12,000,000 asilimia 25, na zaidi ya hapo asilimia 30.

Mfano wa kwanza ni duka la jumla: sukari, unga, mafuta, sabuni. Mauzo milioni 60, lakini faida kwa mfuko ni ndogo, na baada ya pango, umeme, mbeba mizigo na mshahara wa kijana inabaki milioni 8. Kwa mauzo atalipa 2,100,000. Kwa faida atalipa 592,000. Tofauti ni 1,508,000. Hata akimlipa mhasibu laki tano na programu laki sita, bado anabaki na zaidi ya laki nne.

Mfano wa pili ni saluni yenye mauzo ya milioni 20. Bidhaa anazonunua ni chache, kazi kubwa ni mikono yake, na faida ni milioni 12. Kwa mauzo atalipa 700,000. Kwa faida angelipa 1,536,000. Dada huyu asiguse kitu. Utaratibu wa mauzo unampendelea.

Mstari wa kuamulia unatofautiana kwa ukubwa wa biashara. Kwa mauzo ya milioni 20, kutozwa kwa faida kunakufaa kama faida yako iko chini ya takriban milioni 8.5. Kwa milioni 30, chini ya takriban milioni 10. Kwa milioni 60, chini ya takriban milioni 13.9. Kwa milioni 100, chini ya takriban milioni 18.5. Maduka ya bidhaa mara nyingi huwa chini ya mstari; wauza ufundi na huduma mara nyingi huwa juu yake.

Ila faida hiyo lazima uithibitishe kwa karatasi. Matumizi yasiyo na risiti ya EFD hukataliwa kirahisi, na anayenunua machungwa shambani Muheza au samaki ufukweni kwa mvuvi atapata taabu kuonyesha alinunua kwa kiasi gani. Kama nusu ya mzigo wako huja bila risiti, faida ya kwenye makaratasi itakuwa kubwa kuliko ya mfukoni, na nafuu yote itayeyuka. Kwa hiyo weka kumbukumbu za manunuzi mwaka mzima kwanza, ukiwa bado kwenye utaratibu wa mauzo, kisha kaa na mshauri aliyesajiliwa mlinganishe kabla ya makadirio ya mwaka unaofuata.

Anayevuka milioni 100 hana cha kuchagua: hutozwa kwa faida. VAT ya Tanzania Bara huanza kwenye milioni 200, tangu Julai 2023.

Tahadhari ya neno "bure" la mitandaoni

Ukitafuta "programu ya kodi" kwenye YouTube utaletewa TurboTax na wenzake. Hizo ni za Marekani, ambako watu wengi hujaza ritani zao wenyewe na biashara ya programu ni kubwa. Huko nako neno bure limeleta kesi: mwaka 2022 Intuit, wenye TurboTax pia, walikubali kulipa dola milioni 141 baada ya kushtakiwa kwamba waliwatoza watu wenye haki ya kujaza bila malipo, na Januari 2024 tume ya biashara ya shirikisho ikaamua kwamba matangazo yao ya bure yaliwapotosha wateja. Serikali ilianzisha mfumo wake, Direct File, kwa majimbo 12 mwaka 2024 na 25 mwaka 2025, kisha ikauondoa. Ndugu zetu wanaoishi huko wenye kipato cha kawaida wana vituo vya VITA, ambako watu wa kujitolea hujaza fomu bila malipo. Kwa aliye Tanga, programu hizo hazina kazi.

Nani achukue nini

Mauzo chini ya milioni 4: kaunta buku, ili uweze kuthibitisha kwamba hudaiwi.

Milioni 4 hadi 11: kaunta buku dukani, na jedwali la bure kwenye simu kila mwisho wa mwezi. Bajeti ya programu ni sifuri. Makadirio fanya mwenyewe mtandaoni, au mpe kijana wa steshenari namba zako akiandika mbele yako.

Milioni 11 hadi 100, huduma au ufundi: VFD au mashine, jedwali la bure, na lipa asilimia 3.5 bila kujisumbua.

Milioni 11 hadi 100, duka la bidhaa zenye faida ndogo: anza na Manager au mfano wake wa bure, kusanya risiti za mwaka mmoja, kisha mlipe mshauri kwa kazi moja ya kulinganisha. Nunua Tally au QuickBooks pale tu stoo na madeni vitakapokuzidi, kwa ajili ya kuendesha duka.

Tarehe ni zile zile kwa wote: makadirio kabla ya 31 Machi, na awamu nne za kulipa, 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Kodi ya 180,000 ni 45,000 kila awamu. Makadirio yanaweza kurekebishwa katikati ya mwaka biashara ikishuka, lakini anayeomba kurekebishiwa lazima aonyeshe jumla za miezi iliyopita. Ukichelewa, adhabu huhesabiwa kwa kila mwezi au sehemu yake, na mwezi mmoja au miwili ya uzembe hutosha kumeza nafuu yote ambayo daftari lako lilikupa kwa mwaka mzima.